Ratili Mia Moja na Kumi na Nane

Bafu la juu lilianza tena kutiririka maji kabla hakujapambazuka. Delmar Hruska alilala macho wazi, akasikiliza. Huko juu hakukuwa na mtu. Mwanawe Loren, ambaye zamani alijifungia humo na kufungulia maji ya moto mpaka kuta zikatoka jasho, ili uzito umshuke kabla ya kupimwa kwa mieleka, alikufa angali kijana. Na Ardith, mkewe, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akigeuka kitandani na kusema, "Ni mabomba tu, Del, lala," alizikwa mwezi wa kumi, mahindi yakiwa bado hayajavunwa.

Alipanda ngazi. Akashika bomba. Lilikuwa baridi, kavu.

Akashuka, akavaa viatu vya matope, akaenda kulisha nguruwe. Nguruwe wenyewe walikuwa bado wamelala.

Wiki ile ilikuwa wiki ya kuchagua.

Pale mjini kwao, Jumamosi ya kwanza ya msimu wa mieleka, mashabiki hukutana asubuhi mkahawani kwa Vernita, wakanywa kahawa, wakala mikate ya mdalasini, wakachagua. Kwa kila uzani, kuanzia wale wepesi mpaka wale majitu, kila mtu humtaja mwanamieleka wa chuo anayempenda kuliko wote. Si bingwa. Mabingwa wana picha zao ukutani. Unayempenda wewe, basi, hata kama alikuwa akipigwa kila wiki. Sheria ni mbili. Uwe umemwona kwa macho yako akicheza, si kwenye televisheni. Na ukisimama kumtaja, useme jambo moja ulilomwona akifanya, ambalo halijawahi kusemwa mezani pale. Ukirudia la zamani, unazomewa, na mtu wako hahesabiwi.

Merle Skubal, dalali wa mnada wa ng'ombe, ndiye mwita uzani. Koo la kazi hiyo analo.

"Ratili mia moja thelathini na tatu! Nani ana mtu?"

"Mimi nina Fenske! Yule aliyetapika mkekani, kisha akamwangusha mwenzake palepale kwenye matapishi!"

"Hilo ulilisema mwaka juzi, mwongo wee! Kaa chini!"

"Mwaka juzi nilisema alitapika. Kuangusha sikusema."

Ndivyo wanavyokwenda mpaka saa sita, wanatukanana na kucheka, halafu wanapanda magari kwenda kuangalia mchezo wenyewe.

Uzani siku hizi ni kumi, na wa kwanza ni mia moja ishirini na tano. Lakini kabla wakubwa wa mieleka hawajaupanga upya, wa kwanza ulikuwa mia moja na kumi na nane. Ukafutwa. Hakuna chuo kinachoupima tena. Kwa Vernita tu ndiko ulikobaki, na ulibaki kwa sababu ya Ardith. Loren alicheza uzani huo katika chuo kidogo huko kaskazini, mwendo wa asubuhi nzima kwa gari. Msimu wake wa pili haujaisha, pikapu yake iliteleza kwenye barafu ikaingia mtoni.

Basi kila mwaka, kabla Merle hajafungua mdomo, Ardith alisimama. Alivaa sweta lake la kijani, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Ratili mia moja na kumi na nane," alisema. "Loren Hruska." Kisha akasema jambo moja. Kila mwaka jambo jipya. Watu walivua kofia, wakasikiliza, wakagonga meza kwa vikombe, na uchaguzi ukaanza.

Delmar hakuwahi kusema kitu. Alikaa pembeni yake akitazama kahawa. Tangu siku waliyomtoa mtoto majini, jina lile halikupita tena mdomoni mwake. Hakuwa na hasira na mtu. Lilikwama tu, likakaa humo. Nyumbani alisema "yeye". Ardith alielewa ni nani.

Jumatano Merle alikuja shambani. Hakushuka upesi kwenye gari. Alikaa akipangusa kioo ambacho hakikuwa na kitu.

"Shuka, bwana," Delmar alimwambia. "Au umekuja kuninadi?"

"Nani atakununua? Meno yameisha." Merle akashuka. Wakasimama wakiangalia mabua. "Del. Kuna maneno kule mkahawani. Yule kijana muuza mbegu, Garrett, anasema uzani ni kumi, kwa nini sisi tunaita kumi na moja. Si mbaya, hajui tu. Ni mgeni."

Delmar alihamishia ndoo mkono wa pili.

"Nimemwambia ni wa Ardith. Akaniuliza, sasa na Ardith hayupo?" Merle alitema mate kando. "Mimi siwezi kumtaja, sikumwona akicheza chuo. Shemeji yako aliyekuwa akienda nanyi naye keshakufa. Umebaki wewe. Usiposimama Jumamosi, nitaanza na mia ishirini na tano, na nikianza hivyo mara moja, ndugu yangu, ndiyo basi tena. Hakuna atakayeurudisha."

"Nimesikia."

"Kwa hiyo utasimama?"

"Nimesema nimesikia, Merle."

Merle alipoondoka, Delmar alibaki pale pale na ndoo mkononi. Alijua hesabu yake ilivyo. Jina alingeweza kulilazimisha litoke, labda. Lakini jina peke yake halitoshi. Sharti jambo. Jambo aliloliona yeye, ambalo Ardith hakulisema.

Akaanza kutafuta.

Alikumbuka Loren akimbeba mpinzani begani kama ndama na kumuuliza refa amweke wapi. Ardith alilisema. Alikumbuka damu kwenye vyuma vya meno, na mtoto anacheka nayo. Ardith alilisema. Alikumbuka kamba ya kiatu iliyokatika, akacheza mguu mmoja peku. Hilo alilisema mara ya kwanza kabisa. Kila kumbukumbu aliyoingia alimkuta Ardith amefika kabla yake, amekaa, ameshika mkoba mapajani. Mpaka ikawa hajui tena kama alivyokuwa akiviona ni vitu alivyoviona, au ni maneno ya mkewe tu yaliyovaa picha.

Hilo lilimtisha kuliko maji ya bafuni.

Alhamisi alikaa ndani ya pikapu mbele ya banda, vioo juu, akafungulia hita mpaka mwisho. Ndivyo walivyokuwa wakimpeleka kwenye mizani, mtoto kavaa plastiki chini ya koti, anatafuna ubani na kutema mate kwenye kopo ili uzito upungue. Jasho lilimtoka Delmar shingoni. Kiti cha pembeni kilibonyea kidogo, au alidhani kimebonyea. Hakugeuka kutazama. Alisema, "Nipe jambo moja." Hita ilivuma. Alingoja mpaka kichwa kikazunguka, akazima, akatoka kwenye baridi mikono mitupu.

Ijumaa vivyo hivyo.

Jumamosi mkahawa ulijaa. Vernita alimwekea kahawa bila kumuuliza, akaweka mkono begani pake, akaondoka na jagi lake. Kiti cha pembeni walikiacha wazi. Hawakuambiana, walikiacha tu, na watu wengine walikuwa wamesimama.

"Mzee Hruska," Garrett alimsalimia kutoka upande wa pili wa meza. Alikuwa kijana mwenye uso mwema. "Pole sana na mama."

"Ahsante."

Merle akasimama. Akakohoa. Kelele zikashuka, kofia moja ikavuliwa, kisha ya pili, maana ndiyo ilikuwa saa yake Ardith. Merle alimtazama Delmar. Watu wote walimtazama Delmar.

Delmar alitazama kahawa.

Alitafuta. Ndani hakukuwa na kitu, ila sweta la kijani.

Merle alingoja kadiri mtu anavyoweza kungoja mbele za watu. Kisha akateremsha macho. "Haya," alisema, na koo lake la mnada halikuwepo. "Mia moja ishirini na tano. Nani ana mtu?"

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwishowe Garrett, ambaye hakujua aufanyeje ukimya ule, akanyanyuka.

"Mimi nina Ostercamp. Nilikuwa nimekaa karibu kabisa, mstari wa mbele. Alibebwa akapigwa chini, kichwa kikatokeza nje ya mkeka upande wetu, macho yamepinduka juu chini, ananitazama mimi kama mtu anayening'inia mtini. Nikasema huyu leo..."

"Ngoja," Delmar alisema.

Garrett akamgeukia.

"Kaa kwanza, kijana. Samahani. Kaa."

Delmar alisimama. Mikono yake ilitafuta ukingo wa meza, ikaushika.

"Mama yake alikuwa ametoka," alisema. "Alitoka kwenye korido. Hakuweza kuangalia mtoto akiwa chini. Akipigwa chini tu, mama hutoka. Nilibaki mimi."

Akavuta pumzi.

"Yule mwingine alikuwa mfupi, shingo hana. Alimkunja, akamgeuza, akamleta mpaka mwisho wa mkeka, mbele yangu. Kichwa kikaangukia kwenye mbao. Uso mwekundu, mishipa imesimama. Macho juu chini, kama alivyosema huyu. Kwanza alitafuta kiti cha mama yake. Akakiona kitupu. Ndipo akanitazama."

"Ukafanya nini?" Vernita aliuliza.

"Mimi? Sikufanya kitu. Mimi nafanyaga nini?" Wachache wakacheka kidogo. "Yeye ndiye alifanya. Alinikonyeza."

"Alikukonyeza?" Vernita aliuliza tena. "Kakabwa vile?"

"Jicho moja. Kama mtu aliyeficha soseji. Halafu akajiinua kwa shingo. Mwili wote juu ya shingo, na yule mtu juu yake. Refa kalala tumbo, anachungulia chini ya mabega, mkono tayari kupiga mkeka mabega yakigusa chini, mchezo uishe. Hakupiga. Ukumbi mzima ulikuwa unahesabu. Mpaka king'ora kikalia, hakupiga."

"Akashinda?" Garrett aliuliza, taratibu.

"Alishindwa vibaya. Kwa pointi nyingi. Lakini mabega hayakugusa chini. Njiani mama yake aliuliza ilikuwaje. Akasema, nimeshindwa, Mama. Basi. Lile la jicho hatukulisema, si yeye si mimi."

Mezani hakuna aliyesogeza kijiko. Delmar alianza kuinama akae.

"Del," Merle alisema. Alisema kwa upole, lakini alisema. "Hujamtaja mtu."

"Mnamjua."

"Tunamjua. Sheria hujaifikia."

"Mwache mzee, Merle," mtu mmoja alinong'ona nyuma.

"Simwachi. Ardith asingemwacha." Merle alikuwa amekunja kofia yake mikononi mpaka imekuwa kama kitambaa. "Ratili mia moja na kumi na nane, Delmar Hruska. Nani ana mtu?"

Lilikuwa pale, nyuma ya meno, mahali lilipokaa miaka yote. Delmar alifungua mdomo, pakatoka hewa. Akaufunga. Aliona vizuri kabisa kwamba angeweza kukaa, na watu hawa wangemsamehe, na mwakani wasingeita, na mwaka mwingine wa mbele pasingekuwa na mtu pale anayejua kwamba uzani ule ulikuwepo.

"Lo," alisema. Akameza mate. "Loren."

"Loren nani?"

"Loren Hruska, mjinga wewe! Loren Hruska wangu!"

Vikombe viligonga meza. Viligonga mpaka kahawa ikamwagika kwenye mikate, na Vernita akapiga jagi lake kwenye kaunta, na Garrett akapiga kwa ngumi kwa kuwa kikombe chake kilianguka. Merle alivaa kofia iliyokunjika, akageukia ukutani kidogo, kisha koo likamrudia.

"Mia moja ishirini na tano! Haya, Ostercamp wako alining'inia mtini, kijana, kisha?"

Delmar hakukaa mpaka mwisho. Walipofika kwenye majitu alichukua koti lake. Barabara ya changarawe ilikuwa na barafu, na kwa kawaida aliendesha hapo kama anayebeba mayai. Leo alikanyaga mafuta. Alikuwa na haraka. Alikuwa na jambo la Loren ambalo Ardith hakulijua. Maisha yao yote ilikuwa kinyume, na sasa yeye ndiye mwenye habari, na alitaka kuuona uso wake atakapoisikia.

Alikuwa ameshafika kwenye geti lake ndipo alipokumbuka.

Alikaa garini mpaka vioo vikaingia ukungu. Kisha akaingia jikoni, koti mwilini, theluji viatuni, akavuta kiti chake upande wa dirisha. Upande wa jiko, alipozoea kukaa Ardith, palikuwa na kivuli, kama panavyokuwa mchana wa baridi.

Akasimulia. Alisimulia kwa urefu kuliko mkahawani. Alitia harufu ya ukumbi, na mwanamke wa mstari wa nyuma aliyekuwa akila bisi, na jina la chuo cha yule mfupi asiye na shingo. Jina la mtoto alilisema kila lilipofika, Loren hivi, Loren vile, na kila mara lilitoka jepesi zaidi.

"Ilikuwa Januari," alisema, "kabla ya ile dhoruba kubwa."

Hapo akanyamaza, kwa mazoea. Hapo ndipo Ardith angemkatiza. Januari wapi, Del, ilikuwa Februari, nilikuwa nimevaa lile koti la dada yako. Maisha yao yote hakumaliza hadithi hata moja bila kurekebishwa tarehe.

Alingoja. Hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika ni mwezi gani.

Alingoja tena, uso umeelekea jiko.

"Januari," alisema polepole, kama anayejaribu sakafu kwa mguu, na hakuna aliyebisha.