Siku Tuliyozika Koti

Enzi zetu kule Tawa, mtoto hakuamshwa na simu. Uliamka, ukanawa uso, ukaenda kukagua mchungwa wako. Baba alikuwa amempandia kila mtoto mti mmoja nyuma ya jiko, na sheria ilikuwa moja: mti ukifa unakuwa kuni, na mwenyewe ataomba machungwa kwa ndugu zake mpaka aolewe au aoe.

Tulichotafuta chini ya shina ni unga, ule kama wa mbao, unaoangushwa na kiwavi mnene anayetoboa mti na kuishi humo ndani akila kuni tupu. Sisi tulimwita Poshomili, kwa sababu alisaga mchana na usiku bila dizeli. "Poshomili imefunguliwa kwa Mutua!" tungepiga kelele, na kaka yangu angekimbia na spoku ya baiskeli kumchokoa shimoni. Watoto wa siku hizi ukiwatajia unga wanawaza chapati.

Mwaka mmoja Poshomili ilifunguliwa kwangu. Mchungwa wangu ulinyauka tawi baada ya tawi, nami nachokoa mpaka mkono unauma, sipati kitu. Baba akautazama, akasema, "Syombua, mvua ikikuja kama haujatoa majani, nakata." Nililia, nikakataa hata isyo ya mama, na mahindi na maharagwe ya mama hayakuwa chakula cha kukataliwa.

Asubuhi moja nikamkuta adui mlangoni kwake, nusu nje nusu ndani, mkavu, hatingishiki. Amekufa! Tulimfanyia mazishi kamili. Kaburi lilichimbwa, msalaba wa vijiti ukasimamishwa, Mutua akahubiri kumshinda mchungaji wetu, tukaimba mpaka baba akatoka kuona. Alimfukua marehemu, akamwinua kwenye jua, akacheka hadi akashika ukuta.

"Nyinyi mmezika koti," akasema. "Mwenye koti amesafiri."

Ndipo akatueleza. Kiwavi akikomaa hugeuka nondo wa kijivu mwenye madoadoa, akaacha ganda lake mlangoni na kuruka. Nondo huyo hali chochote. Siku zake chache ni za kutafuta mwenzake na kutaga mayai kwenye magome ya miti. Kumbe nilikuwa nalinda mlango ambao mwenyewe ameshahama! Nikapanda juu, nikapata tundu jingine, la kiwavi mwingine, kwenye panda ya matawi, unga ukiwa bado mbichi. Nikachokoa, nikashindilia pamba yenye mafuta ya taa, nikaziba kwa udongo. Mvua ilipokuja mchungwa ukachipua, nami nikatembea sokoni Tawa kama chifu.

Vijana wetu leo wakiona mti unanyauka wanaupiga picha, wanangoja ushauri. Hata spoku nilipoiomba juzi, niliulizwa ni ya nini.

Mwezi uliopita tulimzika baba, karibu kabisa na ule mchungwa wangu, ambao bado unazaa. Koti lake bado limetundikwa nyuma ya mlango. Jeneza likishuka, Mutua, siku hizi mzee wa kanisa mwenye mvi, aliniinamia sikioni: "Mwenye koti amesafiri."

Nilicheka kwa sauti mbele ya waombolezaji wote. Wajukuu wakageuza simu zao kunirekodi, wakidhani huzuni imenipanda kichwani. Kisha nikalia, kwa maana nilimpenda sana baba yangu. Na kesho yake, kabla ya chai, nikanawa uso, nikaenda kukagua mchungwa wangu.