Mkurugenzi wa Ndimu Zisizokatwa

Sabiri wa barabara ya kumi na tatu, Ngamiani, alipata cheo kabla ya kazi. Kadi zake, zilizochapwa kwenye karatasi nene inayong'aa, zinasema Mkurugenzi Mtendaji. Ukimuuliza anaongoza nini, atakwambia achari. Ukimuuliza achari yenyewe iko wapi, atakwambia anajipanga.

Na kujipanga anakuweza. Alijipanga kufuga kuku mpaka banda likawa stoo ya baiskeli mbovu. Alijipanga kuuza juisi ya machungwa ya Muheza. Msimu ukaja, machungwa yakapanda malori yakaenda zake Dar es Salaam, na yeye bado anachagua rangi ya vikombe.

Safari hii mambo yalikuwa ya kweli. Shangazi yake, Bi Semeni, aliyetengeneza achari za harusi mjini Tanga kwa miaka ishirini, alishindwa na magoti akaamua kuhamia kwa binti yake huko kijijini Mkwaja. Alimwachia Sabiri mabeseni yake, gunia la ndimu na mteja mmoja tu, Bi Hafsa, mpishi wa pilau za harusi. Ukimpata Bi Hafsa umepata harusi zote za mji; ukimpoteza, achari yako utakula mwenyewe na mkate. Naye alikuwa ameshaagiza chupa arobaini za achari ya ndimu kwa harusi iliyobakiza wiki tatu.

"Ndimu zinataka chumvi na jua siku kumi na nne, haipungui hata moja," Bi Semeni alimwambia akiwa mlangoni mwa basi. "Kata leo, mwanangu."

"Nenda kwa amani, shangazi. Najipanga."

Bi Semeni alimtazama kama mtu aliyeacha nguo kambani huku wingu linakuja. Basi likaondoka.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya nembo. Sabiri alichora ndimu iliyovaa miwani, akaituma kwenye makundi saba ya WhatsApp watu wapige kura: miwani nyeusi au nyeupe? Kura zikalingana. Akarudia uchaguzi.

Wiki ya pili zikaja chupa zenye vifuniko vya rangi ya dhahabu, kila moja na lebo yenye jina lake na namba yake ya simu. Akazipanga mezani zikiwa tupu vile vile, akapiga picha amekunja mikono, akaandika chini yake maneno mazito kuhusu nidhamu. Watu sitini wakaipenda. Ndimu zilikuwa guniani nyuma ya mlango, zikingoja mkurugenzi atoke kikaoni.

Tusimsingizie, kuna siku alikaa kukata. Akaona kisu butu. Akafungua simu kutazama namna ya kunoa kisu, akatoka hapo akaingia kwa Wajapani wanaofua visu, na mpaka adhuhuri inaadhiniwa alikuwa anajua habari za chuma kuliko fundi yeyote wa Tanga. Ndimu iliyokatwa, hakuna.

Zilipobaki siku tano alifungua gunia. Nusu ya ndimu zilikuwa zimeota manyoya. Hapo ndipo akili yake, iliyolala wiki mbili, ilipoamka vibaya: kama jua linachukua siku kumi na nne, moto si utamaliza kwa saa mbili? Akazichemsha zilizobaki. Alipoonja, mdomo ulijifunga wenyewe. Ule uchungu mwarobaini ungeuamkia shikamoo.

Ikabidi aende kwa Bi Hafsa. Kwa kuwa kwenda mikono mitupu ni aibu, alibeba chupa moja tupu.

Alimkuta anachambua mchele. Akamwamkia, akaitikiwa, kisha akaeleza kwa kirefu habari za changamoto na mchakato. Bi Hafsa alisikiliza kama mtu anayengoja matangazo ya redio yapite.

"Baba," alisema hatimaye, "siku niliyosikia unajipanga, siku hiyo hiyo nilimwambia Nasma akate ndimu."

Nasma ni wa barabara ya kumi na tano. Hana nembo wala kadi, na simu yake imefungwa kwa raba ili betri isidondoke. Achari yake anaitia kwenye kopo lolote atakaloletewa.

Bi Hafsa akaichukua ile chupa, akaigeuzageuza kwenye mwanga. "Chupa nzuri lakini. Nasma hana chupa. Niletee zote."

Basi harusi ikaliwa, achari ya Nasma ndani, jina la Sabiri nje. Kesho yake asubuhi simu ikaanza kuita. Mama mmoja wa Chumbageni alitaka chupa sita. Bwana wa Muheza alisema hajala achari kama ile tangu azaliwe. Mpaka saa nne walishapiga watu tisa. Sabiri sasa alikuwa na wateja, na sifa, na jina. Alipungukiwa na achari tu. Yule wa tisa alipouliza lini, Sabiri alianza, "Naji...," akaishia hapo.

Akaenda kwa Nasma, mfukoni ana karatasi ya mapendekezo ya ubia ambamo yeye mwenyewe alikuwa mwenyekiti. Njiani aliisoma tena, akaichana.

Nasma alikuwa uani, gunia la ndimu pembeni. "Wewe ndiye Sabiri wa kwenye chupa?"

"Ndiye." Akamweleza habari za watu tisa, na kwamba amekuja kuomba kazi.

Nasma akampa kisu. Sabiri akakitazama makali, akafungua mdomo.

"Kinakata," Nasma akasema.

Akakata. Kufika adhuhuri vidole vilikuwa vinawaka kwa chumvi na maji ya ndimu. Alipodhani amemaliza, Nasma akamwonyesha nyungo kumi zilizotandazwa juani.

"Nasikia wewe hodari wa kujipanga. Leo pumzika, panga ndimu."

Akazitoa kwenye beseni akazipanga, mstari kwa mstari, zimependeza kweli. Mkono ukaenda mfukoni kutafuta simu apige picha. Ulikuwa umejaa chumvi. Akaurudisha kwenye beseni.