Kigari cha Paje kilivyomtoa jasho fundi Talal

Maji yameshageuka. Bahari iliyokuwa imejitenga mbali tangu asubuhi sasa inarudi kimyakimya juu ya mchanga wa Paje, mashariki ya Unguja, ikijaza vishimo vya kaa kimoja baada ya kingine. Talal Suud hayatazami maji. Amelala kifudifudi, shavu limegusa mchanga mbichi, na anatazama tumbo la kigari kilichokataa kuwaka.

"Nani amegusa huku chini?" anauliza kwa ukali.

Anagonga bati kwa bisibisi.

"Nauliza, nani amegusa?"

"Hajagusa mtu, fundi," anajibu Bi Kidawa Simai, kiongozi wa kikundi cha akina mama wanaolima mwani. "Ulitukataza, tukakatazika."

Nyuma ya kigari, magunia ya mwani mbichi yamepangwa hadi juu, yanachuruzika maji ya chumvi. Ni mavuno ya bamvua nzima, zile siku ambazo maji hukupwa mbali. Wanawake waliokwisha kufunga kazi wamesimama wakikizunguka, kanga zimekunjwa magotini, na kila mmoja anaangalia upande ule ule, kule maji yanakotoka.

Talal anatoka chini, anapangusa mchanga ndevuni, anafungua plagi na kuipima. Moto upo, tena wa buluu. Anairudisha na kumwashiria dereva apige stata. Injini inazunguka, inazunguka, haishiki.

"Basi!" anapiga kelele. "Utanimalizia betri!"

"Wewe ndiye uliyesema nipige," anasema dereva, binti mmoja anayeitwa Khamisa.

Huyu ndiye Talal, fundi wa Bububu, katika siku ambayo mwenyewe anasema asingependa iandikwe gazetini, kisha akakubali iandikwe.

Ana umri wa miaka hamsini na minane. Alizaliwa Malindi, Mji Mkongwe, katika nyumba ya babu yake ambaye zamani alikuwa na shamba la karafuu Kidichi. Shamba hilo Talal amelijua kwa kuonyeshwa tu, akipita njiani. Mwaka 1985, vyombo vya moto vilipoanza kumiminika Unguja kutoka Dubai, aliacha kukaa barazani na wenzake akaenda kujifunza kazi kwa fundi mmoja wa vespa, kwenye kichochoro chembamba ambacho vespa mbili zikikutana moja lazima irudi nyuma.

"Mama alilia," anakumbuka. "Alitaka niuze vitambaa dukani kwa mjomba. Aliniambia, 'Utanuka mafuta mpaka siku ya harusi yako.' Na kweli, nilinuka."

Baadaye alihamia Bububu, kaskazini ya mji, na kufungua gereji yake kando ya barabara. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa pikipiki na jenereta. Kisha hoteli za pwani ya mashariki zikaanza kuleta hivi vigari vya wazi, vyenye viti viwili ubavu kwa ubavu, magurudumu manene na bodi dogo la mizigo nyuma. Vinapita kwenye mchanga ambao gari ya kawaida huzama. Hubeba mabegi ya wageni, maji, kuni, hata magodoro. Na vinaharibika.

"Haviharibiki," anakanusha Talal, akipandisha sauti kama anayebishana na mtu aliyepo mbele yake. "Vinaharibiwa! Mimi sijawahi kuletewa kigari kikiwa na ugonjwa wake tu. Naletewa ugonjwa, juu yake dawa za watu wanne."

Kigari cha Paje kilikuwa cha hoteli moja iliyobadilisha vyombo vyake. Kilikuwa kimetupwa nyuma ya jiko, kuku wanatagia kitini. Bi Kidawa alikiomba, akapewa. Wanakikundi walikiita Bibi Harusi, kwa sababu hakitoki mpaka kibembelezwe. Lakini kilipotoka kilibadilisha maisha. Mwanamke aliyekuwa akibeba gunia la mwani kichwani, maji yakimtiririkia mgongoni toka shambani hadi nchi kavu, sasa aliweza kulipakia na kwenda zake mikono mitupu.

"Shingo yangu mimi hainyanyuki vizuri tangu ujana," anasema Bi Kidawa. "Kigari kile kikifa, mimi narudi kuwa punda. Ndiyo maana nikimpigia fundi usiku usiku. Nafsi haitulii."

Mara ya kwanza Talal alipoitwa, kigari hakikulia kabisa. Ukizungusha ufunguo, kimya. Alifunua betri akakuta vichwa vyake vimeota ukungu wa kijani na mweupe, mnene kama unga.

"Mnakiosha na nini?" aliuliza.

"Na maji."

"Maji gani?"

Wanawake walitazamana. Mmoja akaonyesha bahari kwa kidevu.

Talal alisafisha, akapaka grisi, akawahutubia mpaka midomo ikamkauka. Kigari kikawaka.

Mara ya pili taa zilizimika na moshi ukatoka chini ya kiti. Fyuzi ilikuwa imeungua, na Ame, dereva wa hoteli ya jirani anayejiona naye ni fundi, alikuwa ameiviringishia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Waya mzima ukayeyuka. Talal alimfuata Ame hadi getini kwao.

"Fyuzi imewekwa ili iungue yenyewe!" alimwambia. "Wewe umeiokoa fyuzi, ukaniunguzia kigari!"

"Lakini kiliwaka," Ame alijibu, bila ya haya.

Mara ya tatu ndiyo iliyomvuruga. Kigari kilikuwa kinawaka vizuri asubuhi, kinakwenda, kisha kinazimika njiani. Kinapumzishwa, kinawaka tena. Talal alisema ni mafuta machafu, yale ya kuuzwa kwenye chupa kando ya barabara. Alikipakia kwenye lori hadi Bububu, akamwaga tangi, akafungua kabureta, akabadilisha chujio. Alikiwasha pale gereji kikanguruma mchana kutwa. Akakirudisha Paje kwa kiburi, na akaweka amri: kifuniko cha tangi kisifunguliwe ovyo, mchanga usije ukaingia. Mafuta yatiwe nyumbani tu, kwa faneli yenye kitambaa cha kuchujia.

Simu ilipolia tena, Talal alikuwa anakula.

"Kimekufa," Bi Kidawa alisema.

"Bi Kidawa, nshakwambia ni mafuta."

"Na mimi nshakwambia mafuta nimenunua kituoni, kama ulivyotaka. Sasa kimekufa, tena hakifufuki. Zamani kilikuwa kinafufuka."

Mkewe, Shaima, anakumbuka alivyoiweka simu chini. "Alisukuma sahani. Akasema, 'Wallahi safari hii nnakwenda nikione kikifa mbele ya macho yangu.' Nikamwambia haya, nenda kakifanyie maziko."

Alipanda vespa yake hadi Paje. Akaketi kitini kando ya Khamisa, akaamuru waende kama wanavyokwenda siku zote. Wakateremka ufukweni, wakavuka mchanga hadi ukingoni mwa mashamba ya mwani, wakapakia magunia, wakageuza. Hawakufika mbali. Injini ilikohoa, ikashuka, ikazima. Talal alipata alichokitaka, ila alikipata katikati ya bahari, na bahari inarudi.

Sasa maji yanafika vifundoni. Talal amepima plagi, amepima waya, amegusa kila kiungo cha betri. Stata imeanza kuchoka. Sauti yake inavuta kama mtu anayeamshwa.

"Shusheni magunia," anasema. "Tukisukume."

"Magunia hayashuki," anasema Bi Kidawa. "Yakishuka yanaondoka na maji. Kuna watu humu wamefanya kazi na mimba."

"Basi mnataka nifanye nini? Mafuta mmetia gani?"

"Mafuta, mafuta! Kila siku wewe ni mafuta!" Hapo Bi Kidawa anahamia Kimakunduchi, lahaja ya huko kusini, na Talal, mtoto wa mjini, anaambulia nusu tu ya anachotukanwa.

Wanawake kumi na zaidi wanashika kigari na kukisukuma. Magurudumu yanachimba, mchanga umeshalegea, hakiendi popote. Mmoja wao anaanza kulia taratibu.

Ndipo Khamisa anaposema, bila ya kuinua sauti, "Kama ungeturuhusu tukifungue kipumue."

"Nini?"

"Kifuniko cha mafuta. Kabla hujatukataza, kikifa tulikuwa tunafungua tuone kama mafuta yapo. Kinavuta pumzi, fsss, halafu kinawaka. Nilikwambia kwenye simu."

Alimwambia kweli. Talal anakumbuka pia alichomjibu: gari halina mapafu.

Anasimama pale, bisibisi mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu afike anatazama maji. Kisha anashika kifuniko cha tangi na kukizungusha. Fsss. Sauti ndogo, kama ya mtu aliyetoka kuzamia.

"Nilitamani bahari inichukue mimi kwanza," anasema leo.

Kifuniko cha tangi kina kitundu kidogo cha kuingizia hewa. Injini inavyonyonya mafuta, hewa huingia kujaza nafasi. Kitundu kikizibwa, mafuta hufika mahali yakagoma kushuka, hata tangi likiwa limejaa. Chumvi na mchanga vilikuwa vimekiziba. Pale gereji Bububu kigari kilinguruma mchana kutwa kwa sababu kifuniko kilikuwa juu ya meza, karibu na kikombe chake cha chai.

Lakini kujua si kuwaka. Kabureta ni kavu, na betri, baada ya kupigwa stata mara zote zile, ina nguvu ya mara moja labda. Talal anazima kila kitu. Anakunja kitambaa kuzunguka mdomo wa tangi, anainama, na kuweka mdomo wake mwenyewe. Anapuliza. Anainua kichwa, macho yamejaa machozi ya petroli, anainama tena, anapuliza, ili mafuta yasukumwe hadi kwenye kabureta. Maji yanapiga kwenye magoti ya wanawake. Hakuna anayecheka.

"Khamisa," anasema, akikohoa. "Usipige mpaka niseme. Na ukipiga, usiache."

"Naam."

"Bismillahi. Piga!"

Stata inavuta mara moja, polepole, mara ya pili polepole zaidi, na injini inashika. Inapiga chafya, inatoa moshi mweupe, inanguruma. Wanawake wanapiga vigelegele huku wanasukuma, na Bibi Harusi anajinyanyua kwenye mchanga na kwenda, maji yakiruka pande zote mbili, tangi li wazi, na Talal anakimbia nyuma yake na kifuniko kiganjani, amekifumbata kama anaogopa kitamponyoka.

Walipofika nchi kavu, Talal alikaa chini. Khamisa akachomoa pini kwenye mtandio wake akampa. Talal akazibua kitundu, akakipuliza, akakiangalia kwenye jua.

"Kumbe mapafu linayo," alisema Bi Kidawa.

"Linayo," alisema Talal. Kisha akaongeza, "Nisameheni. Pumzi nilikifungia mimi mwenyewe."

"Tushakusamehe. Lakini gunia moja utabeba kichwani hadi ghalani, ujue."

Alibeba. Wanawake wa Paje bado wanasimulia alivyokwenda upandeupande kama kaa, maji ya mwani yakimwingia masikioni, na watoto wakimfuata.

Tangu hapo, anasema Shaima, mumewe amebadilika kidogo, si sana. Bado anafoka. Juzi alimfukuza mteja aliyemwagia kigari sukari na soda kwenye betri kwa ushauri wa shemeji yake. Lakini kabla ya kushika spana humkalisha dereva kwenye kiti cha gereji na kumuuliza kigari kilifanya nini, kilisikika vipi, na yeye alifanya nini ndipo kikawaka tena. Wengine huona anapoteza wakati, hasa wale madereva wa hoteli wanaotaka kuondoka na chombo chao papo hapo.

"Wananiambia, 'Fundi ni wewe, mimi nitajuaje?' Nawaambia mimi nakaa nacho saa moja, wewe unakaa nacho mwaka. Sema! Na wakisema nakasirika, maana wanasema mengi. Lakini nasikiliza."

Vigari vya aina hii vinaongezeka pwani yote ya kusini mashariki, na kuvipandisha kwenye lori hadi Bububu kunawachosha wenye vyombo. Kwa hiyo Talal ana mpango wa kuwa na gereji ya pili Paje. Alimtajia mkewe wazo la kuhamia huko kabisa.

"Nikae Paje nifanye nini?" alijibu Shaima. "Nihesabu wageni wanaoruka na vishada baharini?"

Wamekubaliana atakwenda siku mbili kwa wiki. Kikundi cha Bi Kidawa kimempa nafasi ubavuni mwa ghala la mwani, na miti ya banda tayari imesimama, inasubiri makuti. Siku nyingine zote ufunguo utakaa kwa Khamisa. Tayari anasafisha betri na plagi za vigari vya jirani bila ya kumpigia fundi simu, na mwenye hoteli mmoja ameshamwomba aende kwao kila Jumamosi.

Sharti la Khamisa kwa Talal lilikuwa moja, na alilisema mbele ya watu: akianza kueleza jambo, fundi asimkatize.

Alipoulizwa kama amelikubali, Talal alitazama miti ya banda.

"Nimekubali," alisema. "Ila aseme haraka. Mvua inakuja, na paa bado."