Kura za Ziada za Patroba

Kabla ya kuhamia mji wa Euless, karibu na Garland, Moraa alikuwa muuguzi huko Ireland kwa miaka kadhaa. Kule aliwaona wenzake wakipiga kura kwa kuandika moja, mbili, tatu mbele ya majina, kisha wakikaa kutwa kwenye redio kufuatilia hesabu kana kwamba ni mpira. Alipenda, akajifunza.

Huko Euless akawa mwenyekiti wa chama cha Wakenya na Wakongomani waliosali pamoja na kufaana kwenye misiba na maradhi. Viongozi walikuwa watatu, na kila mwanachama alichagua majina matatu. Wakenya ndio waliokuwa wengi, basi kila mwaka viti vyote vikawa vyao.

Mwaka wa 2004, baada ya ibada, Scholastique, Mkongomani aliyefanya kazi kiwandani Garland, alimshika mkono.

"Mama Moraa, sisi batu ya Congo tunakuya hapa kupiga makofi tu. Tutabakia kwetu Garland."

Neno hilo lilimchoma. Kwenye mkutano uliofuata Moraa akaomba wajaribu namna ya Ireland.

Patroba, mfamasia aliyependwa sana, hakuona haja. "Madam, si mwenye wengi ndiye hushinda?"

"Mwenye wengi achukue vingi," alisema Moraa, "lakini si vyote."

Wakakubali, shingo upande. Wakasimama wanne: Patroba, Gichuki, Scholastique na Moraa mwenyewe. Karatasi zilikuwa themanini. Anayefikisha ishirini na moja amepata kiti, maana watu wanne hawawezi wote kufika hapo.

Everline, muuguzi mwenzake Moraa, alihesabu mbele ya watu. Karatasi zilizompa Patroba namba moja zilikuwa thelathini na tatu. Scholastique ishirini, Moraa kumi na nne, Gichuki kumi na tatu. Patroba akapita, na kura kumi na mbili za ziada. Hizo hazitupwi, zinakwenda kwa walioandikwa wa pili.

"Si nichukue tu hizi kumi na mbili za juu?" Everline aliuliza.

Moraa alizitazama. Za juu zilikuwa za wauguzi wenzake, waliochelewa kutoka kazini wakapiga kura mwisho, na karibu zote zilimtaja yeye wa pili. Angenyamaza tu, kiti kilikuwa chake.

"Hapana," alisema. "Waliotangulia kupiga kura wamekosa nini? Zisome zote thelathini na tatu, halafu zile kumi na mbili uzigawe kwa uwiano wa majina ya pili."

Everline akazisoma. Theluthi mbili zilimtaka Gichuki, theluthi moja Moraa. Gichuki akapata nane, akafika ishirini na moja. Moraa akapata nne, akawa na kumi na nane.

"Lakini Moraa alikuwa mbele ya Gichuki!" mtu akalalamika.

"Watu wa Patroba nao wana chaguo la pili," Moraa akamjibu.

Kiti kilibaki kimoja, na yeye ndiye alikuwa wa mwisho. Akatolewa, karatasi zake zikafunguliwa. Nyingi zilimtaja Scholastique, kama Moraa alivyowasihi marafiki zake. Scholastique akapita, na Wakongomani wakaimba hadi madirisha yakatetemeka.

Kwenye gari mumewe, Mark, alimuuliza, "Umeumia?"

"Nimeumia," alisema Moraa. "Lakini sijutii."

Scholastique alianza kwa kupeleka ibada Garland mara kwa mara, na familia zilizokuwa zimejitenga zikarudi. Patroba akawa mtetezi mkubwa wa mtindo ule kuliko wote. Baadaye kikundi cha Gulfton, kule Houston, kikawaita wakakielekeze. Moraa aliendesha gari njia nzima, lakini walipofika akaketi nyuma, akamwachia Scholastique jukwaa.

"Kama mutu wako ameisha kupata kiti," Scholastique aliwaambia, "sauti yako haikufe. Ile inabakia inaenda kwa ule uliandika wa pili."

Moraa akatikisa kichwa kukubali, akaanza kugawa kalamu.