Marigu na Dawa ya Macho Wazi

Siku hiyo tulikuwa watano katika chumba cha bandeji. Sista Kaari, mkubwa wetu. Bwana Njeru, mtu wa nusu kaputi. Mimi Kagendo, wa kusukuma troli. Mtoto Marigu, aliyeungua mguu kwa maji moto. Na nyanya yake kutoka Ishiara, naye pia Marigu, maana huku msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Ilikuwa siku yangu ya kwanza Embu. Kabla ya hapo nilikuwa nikifagia wodi kule Meru.

Kubandua bandeji ya kidonda cha moto kuna uchungu, ndiyo sababu mtoto hulazwa usingizi kwanza. Marigu alipimwa kilo, kwa kuwa dawa hufuata uzito. Akanyweshwa dawa tamu ya kumtuliza, kisha Bwana Njeru akamdunga ketamini. Hiyo dawa ina tabia yake. Mtoto hasikii uchungu, anapumua mwenyewe, lakini macho yanabaki wazi.

Nyanya alikuwa mlangoni. Akaingia, akayafunga yale macho kwa kiganja, vile hufungwa ya maiti. Yakafunguka. Alitoka akampigia simu mwanawe Nyaga, baba ya msichana.

"Nyaga, Marigu ametuacha."

Sista Kaari akamfuata. "Mama, huyo amelala tu!"

"Nimezika watu wengi, mwanangu. Usinifundishe maiti."

Sista alimshika mkono, akamrudisha ndani, akauweka mkono huo kwa kifua cha mtoto. "Ukae hapo. Usipoisikia pumzi yake, uniite mwongo."

Alikaa hapo mpaka bandeji mpya ikafungwa.

Simu ya pili, ya nyanya kumwambia mtoto yu hai, Nyaga hakuiamini. Boma lake lilikuwa limejaa watu, na sisi tulisikia kwa simu wakilia. "Mpe simu aongee mwenyewe!"

Ikabidi tungoje mtoto aamke. Alipoamka ulimi ulikuwa mzito, mate yanamtoka. Akasikiliza kile kilio cha kwenye simu.

"Cucu," akamwita nyanya yake, "kwani ni nani amekufa?"

Kule bomani kilio kikakatika. Halafu mwanamke mmoja akaangua kicheko.

"Kagendo," Sista akaniambia, "kuanzia leo, kabla ya sindano, mwenye mtoto aambiwe macho hayatafungika. Hiyo ni kazi yako."

Nimeifanya mpaka nikastaafu. Dawa zilibadilika, na wakubwa pia. Woga wa mwenye mtoto haukubadilika.

Aliyecheka naamini ni Rwamba, dada ya Nyaga. Mliokuwa pale bomani, kama nimekosea, mnirekebishe.