Kuku Wazima wa Mama Clémentine

Si kweli kwamba Clémentine, mjane wa Isaïe wa reli, aliwapa wakwe zake vifaranga. Waliosambaza maneno hayo Kamina nzima hawakuketi mezani pake. Wale walikuwa kuku waliokomaa. Kimo tu ndicho kilichokuwa kifupi, na alikifupisha yeye mwenyewe kwa makusudi.

Jambo hili lilianzia kwenye matanga ya Isaïe, mwaka ule Base, kambi ya jeshi, ilipoanza kujengwa. Kuku mmoja mkubwa alikatwakatwa, na kwa kuwa mzee aliyenyimwa firigisi hujiona amedharauliwa, wajomba wawili waligombana juu ya sufuria kabla udongo wa kaburi haujakauka. Clémentine, aliyesomeshwa na masista, aliapa kwamba nyumbani mwake kila mzee atapewa kuku mzima.

Lakini mahindi ya mjane hayatoshi kulisha kundi la kuku wakubwa. Akageukia vibete. Wenzake walipochagua jogoo mrefu, yeye alimweka mwenye miguu mifupi na kifua kipana, na kila aliyerefuka akapelekwa sokoni. Aliwalisha pumba, mchwa na vichwa vya samaki wakavu wa Kinkondja. Kizazi baada ya kizazi, ua wake ukajaa kuku wanene, kila mmoja akienea kwenye sahani moja.

Wakwe walipofika kutoka Kabondo-Dianda kumposa binti yake Dorothée, kila mzee aliwekewa kuku wake. Papa Nicodème, baba wa kijana, alimtazama wake, akaisukuma sahani kidogo. Mzee akiinuka bila kula, posa imevunjika.

“Mama, hii kuku, mama yake anajua kama imetoka mu nyumba?”

“Mama yake njo ile iko mu sahani ya ndugu yako, Papa. Biko kimo moja. Fungua tumbo kwanza.”

Akafungua. Firigisi ilikuwamo, imesafishwa na kurudishwa mahali pake. Akachungulia sahani ya ndugu yake, akaona nyingine. Akaila yake polepole, kabla ya kugusa nyama.

“Tangu nilizaliwa bananikatiaka kipande,” akasema. “Leo njo minyi nakula kuku muzima.”

Dorothée aliolewa kabla ya mvua, na Papa Nicodème alirudi kwao na jogoo kibete chini ya kwapa, aliyemwomba mwenyewe.

Aliyeanzisha habari ya vifaranga hakualikwa siku ile. Clémentine analijua jina lake. Hatalitaja, na asiulizwe tena.