Verna Hruska Agoma Kumpakulia

Verna Hruska alipika katika jiko la chuo chetu, hapa Iowa, Marekani, miaka ishirini na mitatu. Kumi na tisa kati ya hiyo tulipika pamoja. Hakuwa mtu wa kuchekacheka. Ukikata vitunguu ovyo alikupokonya kisu. Lakini alijua nani kafiwa na nani anaumwa, na siku za mitihani aliwaokea wanafunzi kolache, ile mikate midogo ya Kicheki yenye jamu.

Mumewe, Emil, alikuwa mfagizi wa chuo hichohicho. Asubuhi moja ya Januari, akinyunyiza chumvi kwenye ngazi za bweni ili barafu iyeyuke, aliteleza akavunjika nyonga. Kijana mmoja wa mwaka wa pili, Colby Rasmund, akatoka mlangoni. Emil akamwomba amwitie mtu. Colby akatoa simu, akamrekodi huku akicheka, "Babu kaamua kulala!", kisha akamruka akaenda zake darasani. Emil alikaa kwenye theluji dakika arobaini. Hospitalini wakamkata vidole vitatu vilivyokufa kwa baridi.

Video ilizunguka chuo kizima. Polisi nao wakaitazama.

"Hajavunja sheria, Bi Hruska," wakamwambia. "Hapa halazimishwi mtu kumsaidia mwenzake."

Verna akaenda kwenye kamati ya nidhamu, nami nikamsindikiza. Mwenyekiti, Profesa Pruitt, alisema kwa sauti ya upole iliyokera kuliko matusi.

"Chuo si kanisa, Bi Hruska. Tukianza kufukuza watu kwa roho mbaya, kesho tutamfukuza nani? Msichana aliyemsaliti mchumba wake?"

"Sijaja kwa habari za wachumba. Nimekuja kwa huyu hapa."

Colby alikaa mkabala naye, kavaa tai. "Nilishaomba radhi kwa barua," akasema.

"Barua kaandika mama yako. Wewe una neno gani?"

Kijana akatazama meza. "Nilidhani anatania."

"Mtu analia mguu umepinda, anatania? Mshenzi wewe!"

"Bi Hruska, tafadhali!" Pruitt akagonga meza.

Colby akapewa onyo la maandishi, basi.

Jumatatu mchana akaja kwenye foleni na trei yake. Verna akaweka upawa chini.

"Wewe sikupakulii."

"Lakini hiki ni chakula changu."

"Kamwambie Pruitt aje akupakulie."

Nyuma mtu akapiga mluzi, mwingine akasema, "Mruke tu, Colby, si umezoea!" Kijana akawa mwekundu hadi masikioni. Jumanne ikawa hivyohivyo, na Jumatano. Alhamisi Verna akaletewa barua ya kufukuzwa kazi. Akaisoma kwa sauti mbele yetu sote, katikati ya masufuria.

"'Mwenendo usiofaa.' Kumbe neno wanalo!" Akanigeukia. "Haya, vua aproni twende."

Sikuvua. Nilijisemea kuna watu mia tatu wanasubiri supu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Aliniangalia kidogo tu, akachukua koti lake, akatoka.

Emil alimsihi akaombe msamaha arudishwe. "Vidole ni vyangu," alimwambia. "Mimi nimeshamwachia Mungu." Verna akamjibu kwamba Mungu hakuwepo kwenye zile ngazi, wakanuniana hadi Pasaka. Baadaye alipata kazi ya kupika katika nyumba ya wazee upande wa pili wa mji, nako nasikia wanamwogopa na kumpenda vilevile.

Vuli iliyofuata nilikutana naye dukani, penye mayai. Nikamsalimu.

"Bado unampakulia?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema. "Siku hizi, Verna, anasema asante. Kila siku."

"Na wewe unaipokea hiyo asante?"

Nikajifanya nachagua mayai. Akasukuma kitoroli chake akapita, na hadi leo hatusemeshani.